Mkono au Mhimili: Zana Ipi ya Kuchopolea Bakuli Kwenye Kerezo?

Chukua kipande cha mti mbichi chenye kipenyo cha milimita 300. Kifunge kwenye kerezo, mashine inayozungusha mti huku ukiuchonga, ukikereze kiwe nusu tufe, kisha ukikombe ndani na uache ukuta wa milimita 30 ili kikauke bila kupasuka. Ukimaliza, piga hesabu: nusu ya mti ule imeshakuwa maranda. Wala si makadirio ya mdomo. Tufe la ndani lina nusu kipenyo cha 120, la nje 150, na ujazo wa lile la ndani ni asilimia 51 ya lile la nje. Kama ni mti wa kawaida ulioupata bure, huenda usiumie. Kama ni gogo lenye michirizi na rangi ambazo hutazipata tena, utaumia kila unapofagia.

Zana ya kuchopolea ilibuniwa kwa ajili ya maumivu hayo. Ni kisu, mara nyingi kilichopinda kama mundu, chenye ncha ya kukatia mbele. Kinaingia kwenye uso wa kipande kinachozunguka, kinachimba mfereji uliopinda kuelekea katikati, na sehemu ya ndani inatoka nzima ikiwa tayari kuwa bakuli jingine. Sehemu hiyo nitaiita mtoto, kama tunavyosema mtoto wa meza. Kwa kipande kile kile cha milimita 300, mfereji ukiwa na upana wa milimita 8 na kila ukuta ukiwa sehemu ya kumi ya kipenyo chake, mtoto wa kwanza anatoka na kipenyo cha 224, wa pili kama 163, wa tatu kama 114. Bakuli nne za rangi moja na michirizi inayofanana, kutoka gogo moja.

Zana zinazotajwa zaidi ni tatu: Center Saver ya Kel McNaughton wa New Zealand, Easy-Core ya Oneway ya Kanada, na Bowlsaver ya Woodcut, nayo ya New Zealand. Watu huzilinganisha kwa bei, kwa upana wa mfereji, kwa idadi ya visu. Mimi naona maswali yanayoamua ni mawili tu: kerezo lako linaweza nini, na nani ataongoza njia ya kisu, wewe au chuma?

Anza na kerezo

Kuchopoa ni kazi nyingine kabisa na kukereza kwa bobari, ile patasi yenye mdomo uliojikunja. Bobari inanyoa ukanda mwembamba na kuuachia. Kisu cha kuchopolea kinakata kwa upana wake wote, na mwanzoni kinakata mbali na kitovu, mahali ambapo mti una nguvu kubwa ya kuizuia mota. Ndiyo maana kerezo dogo huzimika mfereji ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Kisu kikizidi kupinda kuelekea katikati, mzigo wa mota hupungua, lakini tatizo jingine huzaliwa: sasa kisu kimejitokeza mbali na kitu kinachokishikilia, na mtetemo mdogo huwa mkubwa. Mwanzo wa mfereji ni mtihani wa mota, mwisho wake ni mtihani wa chuma.

Rai yangu ni kwamba kipande cha milimita 300 kinahitaji mota isiyopungua nguvu farasi 1.5, na ukifika 400 tafuta 2 au zaidi. Chini ya nguvu farasi 1 utafanya kazi, lakini kwa watoto wadogo na kwa subira, ukisukuma kidogo na kuachia. Kama kerezo lako lina kirekebisha mwendo cha umeme, usitegemee hicho pekee kupunguza kasi, kwa sababu mota inayozungushwa polepole hivyo hupoteza nguvu. Hamisha mkanda kwenye puli ya mwendo wa chini kwanza, halafu ndiyo urekebishe. Kwa kipande cha 300 mimi hukaa kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika. Kikiwa kikubwa zaidi nashuka.

Pima pia tundu la banjo, yaani ile sehemu inayoteleza kwenye kitanda cha kerezo ikibeba egemeo la patasi. McNaughton na Woodcut zote mbili husimama kwenye tundu hilo, kwa hiyo unene wa shina la zana lazima ulingane nalo. Oneway haitumii banjo. Ina msingi wake unaofungwa moja kwa moja kwenye kitanda, na msingi huo huagizwa kulingana na urefu kutoka kitandani hadi kitovu cha kerezo lako. Ukibadilisha kerezo baadaye, huenda ukalazimika kubadilisha msingi. Hili watu hulisahau.

Halafu kuna namna mti ulivyoshikwa. Ulimi, yaani kile kitako cha mviringo kinachoachwa mgongoni mwa kipande ili taya za kerezo zikibane, ukiwa wa milimita 50 unatosha kwa kukereza lakini hautoshi hapa. Kwa kipande cha 300 kata ulimi wa 75 hadi 100 ushikwe na taya kubwa, au funga bamba la skrubu. Hakuna zana kati ya hizi tatu itakayokuokoa na ulimi dhaifu.

McNaughton: kisu kinachofuata mkono

Center Saver ni zana ya mkono. Kuna mpini mrefu, visu vya mpindo tofauti pamoja na kimoja kilichonyooka, na egemeo maalumu lenye lango: nguzo mbili fupi ambazo kisu hupita katikati yake. Lango linazuia kisu kisitupwe pembeni wala kisijigeuze, na kipande cha chini kinakibeba. Basi. Mengine yote ni yako. Wewe ndiye unayeamua kiingie kwa pembe gani, mpini uende kushoto au kulia kiasi gani, na lini urudi nyuma kutoa maranda. Kuna seti za visu vidogo, vya kawaida na vikubwa sana, na fundi mwenye seti mbili anaweza kuchopoa karibu ukubwa wowote.

Uhuru huo ndio sifa yake na ndio mtego wake. Kwa kisu kimoja unaweza kutoa mtoto wa kina kirefu au aliye bapa kama sinia. Unaweza kukwepa fundo uliloliona kwenye mti. Kisu kilichonyooka kinatoa umbo la koni, ambalo fundi mwingine atalifanya bakuli lenye kuta zilizosimama. Wale wanaochopoa kila siku hupenda McNaughton pia kwa sababu maandalizi yake ni mafupi: toa egemeo la kawaida, weka lango, anza.

Ila kisu kinapokuwa ndani ya mti hukioni. Unajua kilipoingia, unaona mpini ulipo, na hapo katikati unakisia. Ncha ikinolewa upande mmoja zaidi ya mwingine itavuta kisu nje ya njia yake, na hutajua mpaka ukuta uwe mwembamba au sakafu itoboke. Chuma nacho kinapinda kidogo kuelekea chini kikielemewa, kwa hiyo ncha inawekwa juu kidogo ya kitovu mwanzoni. Wapo wanaofunga taa ya leza kwenye mpini ili nukta yake iwaonyeshe ncha ilipo. Inasaidia sana, ingawa inakurejesha kwenye swali la kwa nini hukununua zana yenye mhimili, yaani nguzo ambayo kisu hufungwa na kuizunguka.

Niliwahi kutoboa sakafu mara ya kwanza kabisa nilipojaribu kuchopoa kwa mkono, tena kwa zana ya kuazima. Zana haikuwa na kosa. Nilipima kina kutoka usoni hadi mwisho wa ulimi, badala ya hadi bega la ulimi, nikajihesabia milimita 12 za mti ambazo bakuli halikuwa nazo. Nilichopata ni mtoto mzuri sana na faneli.

Oneway na Woodcut: kisu kinachofuata mhimili

Hizi mbili hujibu swali la pili kwa njia moja. Kisu kimefungwa kwenye mhimili, na unapovuta au kusukuma mpini kinazunguka kwenye tao moja lisilobadilika. Ukishajua mhimili upo wapi, unajua ncha itapita wapi, milimita kwa milimita, kabla hujawasha mota. Kwa mtu anayechopoa mara chache kwa mwaka, hilo pekee ni sababu ya kununua.

Tofauti yao iko kwenye kinachokishikilia kisu. Oneway ina kidole cha chuma kilichopinda sawasawa na kisu, kinachoingia kwenye mfereji chini ya kisu na kukibeba karibu na ncha. Unakata kiasi, unazima kerezo, unasogeza kidole mbele, unawasha tena. Inachosha kidogo. Lakini ndiyo sababu Oneway inaweza kwenda kwenye vipande vikubwa sana bila mtetemo: kisu hakijitokezi mbali na egemeo lake hata kikiwa kimezama. Kila kisu kina kidole chake, na seti hununuliwa moja moja kulingana na ukubwa unaoutaka.

Woodcut inategemea kichwa cha nyuma, yaani ile sehemu ya kerezo inayoukabili mti kutoka mwisho wa pili wa kitanda. Zana inasimama kwenye banjo, na upande wake wa pili unashikwa na kichwa cha nyuma cha kerezo, kwa hiyo imebanwa pande mbili kabla kisu hakijagusa mti. Ni wazo zuri kwa kerezo la wastani, kwa kuwa huhitaji msingi mzito wa pekee. Kisu ni kifupi na kinene kiasi cha kutohitaji kidole, na ncha yake ni ya Stellite, aloi ya kobalti na kromiamu inayohifadhi makali hata ikipata joto. Gharama yake ni mipaka. Kina na kipenyo vinaishia pale kisu kinapoishia. Toleo la MAX3 lina visu vitatu na linapanua mipaka hiyo, ila ukitaka bakuli la kulisha harusi nzima, Woodcut si njia yako.

Jambo moja la maandalizi linatofautisha zaidi kuliko linavyoandikwa. Woodcut inakaa sawa kwenye mstari wa kitovu karibu yenyewe, kwa sababu kichwa cha nyuma kiko kwenye mstari huo. Oneway inabidi uiweke: urefu, umbali kutoka usoni, na upande. Ukishaiweka mara moja na kupiga alama kwenye kitanda, ya pili ni rahisi. Ila ile ya kwanza itakula asubuhi yako.

Umbo: mhimili hauna ukaidi kama unavyosemwa

Utasikia kwamba zana ya mhimili hutoa nusu tufe tu. Si kweli kabisa. Tao halibadiliki, lakini mahali pa mhimili panabadilika. Tuseme kisu kina nusu kipenyo cha 115. Mhimili ukiwa sawa na uso wa mti, mfereji utakuwa na kipenyo cha 230 na kina cha 115. Sasa tuseme kipande chako kina kina cha 130 bila ulimi, na unataka sakafu ya 30. Huwezi kwenda zaidi ya 100. Rudisha mhimili nyuma milimita 15 kutoka usoni, na ncha itaishia kwenye 100 huku kipenyo usoni kikipungua hadi 228 tu. Ukirudisha 30, kina ni 85 na kipenyo 222. Kumbe milimita chache za mhimili zinabadilisha kina sana na upana kidogo.

Mimi hukata tao la kadibodi kwa kila kisu na kulilaza juu ya mchoro wa kipande. Dakika mbili. Kwa McNaughton kadibodi hiyo ina faida ndogo, kwa sababu kisu hakilazimiki kuifuata.

Pale mhimili unaposhindwa kweli ni kwenye umbo lisilo tao: ukuta ulionyooka unaopinda ghafla chini, au sahani pana yenye kina kifupi sana. Hapo mkono unashinda. Kama bakuli zako nyingi zina umbo hilo, usijidanganye kwamba utazoea.

Upana wa mfereji

Hapa watu hubishana sana, kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu. Kwenye kipande kile cha 300 chenye ukuta wa 30, mfereji wa milimita 6 unamwachia mtoto wa kwanza karibu asilimia 44 ya mti wote. Mfereji wa 10 unamwachia kama 39. Asilimia tano. Usichague zana kwa ajili ya hizo. Mfereji mwembamba sana una adhabu yake: maranda ya mti mbichi hujaa, hushindiliwa, na kisu hunasa kama msumeno kwenye gogo lililoelemewa. Fundi anayejua hupanua mfereji kwa makusudi, anakata njia ya pili kando ya ya kwanza kila baada ya sentimita kadhaa ili maranda yapate pa kutokea. McNaughton inaruhusu jambo hilo kwa kuzungusha mpini kidogo. Kwenye mhimili inabidi kurudisha kisu nje mara kwa mara, na hewa ya kompresa ni msaada mkubwa.

Kunoa hakuna la kueleza sana. Ncha zote ni ndogo, zinanolewa kwa mguso mwepesi kwenye jiwe la kawaida au kwa bamba la almasi. Noa kabla ya kila mtoto, si baada ya kuona moshi.

Kama hutaki kununua bado

Kuna njia ya nne. Patasi ya kutenganishia yenye mpini mrefu, ikiingizwa kwa pembe kutoka usoni, itatoa koni. Unapoteza zaidi kuliko kwa kisu kilichopinda, na sakafu inabaki nene katikati, lakini kwa kipande cha 200 inatosha kukuonyesha kama kuchopoa ni kazi utakayoipenda. Ukifanya hivyo mara tano na ukachoka, umejiokolea fedha.

Nani achukue ipi

Mwenye kerezo la wastani, mota ya nguvu farasi 1 hadi 1.5, anayekereza vipande visivyozidi 300 na anayetaka kuchopoa wikiendi bila kusomea: Woodcut. Hata sifikirii mara mbili.

Mwenye kerezo zito na magogo makubwa, anayeogopa kuharibu mti ghali kuliko anavyoogopa kupoteza muda: Oneway. Anunue kisu kimoja na kidole chake kwanza, cha ukubwa anaoukereza zaidi. Seti nzima inaweza kusubiri.

McNaughton ni ya anayechopoa kwa wingi. Nasema kwa wingi nikimaanisha vipande kumi au zaidi kwa kikao, kwa sababu ustadi wake unakaa mikononi na mikono husahau. Fundi anayeitumia kila wiki atawashinda wenye mhimili kwa kasi na kwa maumbo. Anayeitumia mara mbili kwa mwaka atakuwa mwanafunzi kila mara, na karo yake ni miti. Nimeona mafundi hodari wa bobari wakidhani ustadi huo utawavusha. Hauvushi sana, bobari unaiona ikikata.

Na mwenye kerezo dogo la mezani? Apime tundu la banjo, atafute visu vidogo kabisa vya McNaughton au kisu kidogo cha Woodcut, na akubali mtoto mmoja kwa kila kipande.

Kabla hujalipa, fikiria mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye boksi. La kwanza ni mti. Zana zote tatu zinataka mti mbichi. Mti mkavu hutoa joto na vumbi, na ncha huisha makali njiani. Mti wenye ufa ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuachia vipande viwili kabla hujafika katikati. Vaa ngao ya uso mzima, miwani haitoshi, na usisimame kwenye mstari wa kipande. Pia usikate mpaka mwisho kerezo likizunguka. Bakisha shina la kama milimita 25, zima, kisha mng'oe mtoto kwa kabari au kwa kumbana kidogo pembeni.

La pili ni kwamba mtoto huzaliwa bila ulimi. Ukiwachopoa kuanzia mdogo kabisa kwenda nje, kipande kikubwa kinabaki kimeshikwa imara muda wote, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea, lakini unabaki na watoto watatu wa mviringo mezani ambao taya haziwezi kuwashika. Kila mmoja inabidi umbane uso wake kwenye bamba la mbao kwa kichwa cha nyuma, umkatie ulimi mgongoni, umgeuze, umsawazishe ndani, kisha umpake nta kwenye nyuzi zilizokatwa kabla hajaanza kupasuka. Kwa bakuli nne hiyo ni kazi ya alasiri nzima, iwe ulitumia mkono au mhimili, na mti mbichi hautakusubiri hadi kesho.